Kuhusu ule ulimi wa Padua

Mwanangu Antonia,

Tumsifu Yesu Kristo. Ujumbe wako niliusoma mara mbili, ya pili nikiwa na miwani. Unasema ulifika Padua, ukapanga foleni nyuma ya wazee wa Kiitalia mpaka kwenye kioo chenye ulimi wa Mtakatifu Antoni, somo wako, ukatoka umekunja uso. Sasa unauliza: hiki kina tofauti gani na kutambikia mababu, ambako mlitukataza?

Marehemu baba yako angekujibu kwa Katekisimu, kifungu kwa kifungu. Mimi nakujibu nijuavyo. Antoni alikuwa Mreno wa Lisbon, akafa tarehe 13 Juni 1231 hata miaka arobaini hajafikisha, na mwaka haukuisha Papa Gregori wa Tisa akamtangaza mtakatifu. Mwaka 1263 wakafungua kaburi ili wamhamishie kwenye kanisa jipya. Inasimuliwa kwamba mwili ulikuwa umebaki mifupa na vumbi, ila ulimi mzima, na Bonaventura, mkuu wa Wafransisko, shirika la watawa alilokuwamo Antoni, akaushika mkononi. Basi ndio huo uliokukunjisha uso.

Lakini hapa Ifakara nani anauliza habari za ulimi? Watu wanamjua Antoni wa vitu vilivyopotea: funguo, kitambulisho, hata mbuzi. Na mimi nimesema mpaka jumuiya wamenichoka: mtakatifu si mganga. Humpelekei mshumaa kama anayempelekea mganga kuku.

Nasema hivyo, halafu nazikumbuka Jumanne zangu 13.

Ulikuwa darasa la sita. Tulikuwa tumevuna na kuuza mpunga, nikazifunga pesa za ada ya kaka yako kwenye kipande cha kanga kuukuu, nikazificha. Siku ya kwenda kulipa, hazipo. Nikageuza godoro, nikamwaga vyungu, nikakung'uta hata viatu vya baba yako. Kisha nikamtazama dada wa kazi. Ndio kwanza alikuwa amemaliza kukusuka, mikono bado ina mafuta ya nazi. Nikamwambia, fungua begi lako. Akafungua: magauni mawili, kipande cha sabuni, kioo kilichopasuka pembeni. Nikasema, basi umeshampa mtu. Akalia bila kujitetea, na mimi nikaona kulia kule ndiko kukiri. Asubuhi nikampandisha basi la kwao. Mshahara wa mwezi ule sikumpa.

Nikaanza novena, sala ya kurudia kwa siku zilizopangwa. Jumanne 13 mfululizo, kama bibi yako alivyonifundisha, bila kuruka hata moja. Mvua za Desemba zilipoanza, nikafungua gunia la mbegu, nikaingiza mkono, nikagusa kitambaa. Nilizificha pale kwa mkono wangu mwenyewe, mwanangu, nikasahau.

Na unajua nilifanya nini? Nilisimama jumuiyani nikashuhudia kwamba Antoni amenirudishia. Wakapiga vigelegele. Nikatoa na mikate kwa maskini kwa jina lake. Yule binti sikumtaja. Nilipokuja kuagiza kwa watu walionipatia, wakasema ameshaondoka kwao, hawajui yuko wapi.

Ile sifa yake ya vitu vilivyopotea imetoka wapi? Wanasema mnovisi mmoja, yaani anayejifunza utawa, alitoroka utawani na kitabu cha Zaburi cha Antoni, ambacho Antoni alikuwa amekiandikia maelezo ya kufundishia. Antoni akasali. Kitabu kikarudi, na aliyekichukua naye akarudi utawani. Hapo ndipo ninapokwama kila mwaka ifikapo sikukuu yake. Yeye alirudishiwa kitabu pamoja na mtu. Mimi nilirudishiwa pesa, na mwizi hakuwepo.

Labda sikuomba sawasawa. Niliomba pesa, nikapata pesa. Au tuseme hata Antoni hakufanya lolote, ni msimu wa kupanda tu uliofika, maana gunia lile ningelifungua tu, nimesali nisisali. Baba yako alisema hivyo, nikamnunia siku mbili. Lakini mbona hata leo nikipoteza kitu namwita Antoni kabla sijainuka kitini? Mtakatifu si mganga, najua.

Rudi kwenye ulimi wako sasa. Machi 1231, miezi mitatu kabla hajafa, mji wa Padua ulitunga sheria kwa ombi lake: mdaiwa aliyekwisha kutoa mali yake yote na bado deni halijaisha, asitiwe gerezani. Wakopeshaji wa riba walikuwa wamewakaba watu, naye aliwahubiria Kwaresima nzima. Ulimi ule ulimfungulia mtu mlango wa gereza. Wa kwangu ulimtoa mtoto wa watu nje ya mlango. Kwa hiyo ukiniuliza kama ni halali kuuwekea kioo na taa, jibu ninalo, liko hapa kwenye ncha ya ulimi, ila mtu mwenye habari kama yangu hafai kuwa hakimu wa jambo hilo. Muulize paroko. Ingawa najua utakavyomwuliza, na ninajua atakavyokujibu, na nina la kusema juu yake. Basi.

Ukienda tena, kioo kipite kama hukitaki. Nenda kaburini, pale watu wanapoweka kiganja kwenye jiwe na kuacha picha za watu wao. Weka chako, umtajie yule dada kwa jina. Alikusuka miaka miwili, huwezi kuwa umelisahau.

Mshahara wake ninao, kwenye bahasha ndani ya kabati. Safari hii nimemwonyesha kaka yako mahali nilipouweka.

Mama yako