Uliza Fundi: Tableti ndogo ya slaidi, kusoma na muvi? Anza kuangalia tundu

SWALI: Fundi habari za siku. Kazi yangu mimi ni kuendesha mafunzo, wiki hii niko ukumbi huu, wiki ijayo ukumbi mwingine, na hii laptop imeshanimaliza bega. Nataka tableti ndogo ya kuingia kwenye mkoba wa kawaida, nionyeshee slaidi, nisomee PDF na vitabu nikiwa safarini, afu usiku niangalie zangu muvi nilale. Nimechuja weee nimebaki na mbili, iPad mini na Samsung Galaxy Tab A9. Kaka yangu anasema siku hizi zote zina tundu lile lile la USB-C kwa hiyo nisijisumbue, nichukue ya bei ya chini. Yuko sahihi? – Dada Mkufunzi

JIBU: Dada Mkufunzi, kaka yako yuko sahihi kwenye umbo la tundu tu, basi. USB-C ni umbo, yaani ule mdomo wa pini 24 unaochomeka upande wowote, ila kinachopita ndani ya huo mdomo kila kampuni inaamua yenyewe. Kuna tableti tundu lake kazi yake ni kula chaji na kuhamisha mafaili, na kuna nyingine tundu hilo hilo linatoa na picha kwenda kwenye projekta, na ukiziweka mezani pamoja huwezi kuzitofautisha kwa macho.

Hili mi nimelijua kwa aibu, ngoja nikusimulie. Nilisimama mbele ya watu na tableti yangu mpya, adapta ya HDMI ninayo, waya nimechomeka, taa ya adapta inawaka, chaji inaingia kabisa, projekta inaniambia hakuna picha. Nikachomoa nikachomeka, nikageuza, nikazima nikawasha, jamaa wa ukumbi akaleta waya mwingine, dakika ishirini zimeenda watu wako kwenye simu zao, mwisho nikaongea mikono mitupu. Nimerudi nyumbani nasoma sifa za tableti ndo naona imeandikwa USB 2.0, yaani ile kasi ndogo ya zamani, na tundu lake picha halitoi. Adapta ilikuwa nzima tu, mi ndo nilinunua bila kusoma.

Sasa tuje kwa hizo mbili zako. Tab A9 ni USB 2.0, haitoi picha kwa waya, hata ununue adapta ya dhahabu. iPad mini ya 2021, ambayo ndo mini ya kwanza kuwekewa USB-C, inatoa, na ya 2024 yenye chipu ya A17 Pro nayo inatoa. Ukiuziwa mini ya 2019 kurudi nyuma ujue hiyo ina tundu la Lightning, picha inatoka ila kwa adapta yake tofauti, usije ukanunua ya USB-C ikakaa droo.

Utaniambia si kuna kurusha bila waya. Ipo, Samsung wana Smart View, Apple wana AirPlay, na nyumbani kwako zitakubali vizuri tu. Tatizo ni kumbi za watu. AirPlay na Chromecast kwa kawaida zinataka tableti na kile kinachopokea viwe kwenye waifai moja, na waifai nyingi za hoteli na ofisi zimefungwa makusudi ili vifaa vya wageni visionane. Miracast, njia nyingine ya kurusha, yenyewe inaunganisha moja kwa moja bila waifai ya ukumbi, lakini projekta nayo iwe inaijua, na ukikutana na projekta mzee yenye VGA peke yake, lile tundu la picha la zamani, hapo hamna cha kurusha. Mtu wa kuhama ukumbi kila wiki mi namwambia waya. Tena chukua adapta yenye HDMI pamoja na kitundu cha chaji pembeni, maana tundu la tableti ni moja na ukishaliziba kwa projekta betri inaanza kukuangalia vibaya. Na kile kirimoti cha kubadilishia slaidi kiwe cha bluetooth, ukija na kile cha kuchomeka kipokeo cha USB utakichomeka wapi?

Kwenye udogo kuna kitu watu wengi hawakijui. PowerPoint ya tableti unaruhusiwa kuhariri bure kama kioo hakizidi inchi 10.1, kikizidi hapo Microsoft wanataka uwe unalipia Microsoft 365. Kwa hiyo hizo ndogo zako zote mbili utarekebisha slaidi bila kutoa kitu, mwenzako mwenye ya inchi 11 ndo anadaiwa. Na kwenye iPad ukichomeka waya, PowerPoint inapeleka slaidi ukutani, kwako inabaki na noti zako na slaidi inayofuata, ndo raha yenyewe. Ila ukitoka nje ya slaidi labda unataka kuwaonyesha tovuti, mini inapeleka kioo chake kama kilivyo, na kwa sababu umbo lake sio refu kama la projekta ya 16:9 utaona mikanda myeusi pembeni, sio ubovu huo. Afu fonti, usiziamini hata kidogo. Slaidi umeitengeneza kwenye kompyuta kwa fonti ya mapambo, tableti haina hiyo fonti, inaweka yake na maneno yanahama mstari. Tembea na nakala ya PDF, animesheni utazikosa lakini maneno yatatulia.

Kusoma. Hapa inchi zinadanganya watu sana. A9 ni inchi 8.7, mini ni 8.3, utadhani A9 itakupa ukurasa mkubwa, kumbe wapi. Inchi zinapimwa kona kwa kona na A9 ni ndefu nyembamba. Nimepiga hesabu kwa pikseli zao, ukiishika wima kioo cha mini kina upana wa kama milimita 116, cha A9 kama 113. Karatasi ya A4 ina 210. Maana yake PDF ya A4 kwenye zote mbili inasinyaa hadi kama asilimia 55, herufi ya pointi 12 unaiona kama ya pointi 6 na nusu, na hiyo ni ndogo dada yangu. Kinachozitenganisha ni ukali, mini ina pikseli 326 kwa kila inchi, A9 ina kama 179, kwa hiyo ile herufi ndogo kwenye mini bado ina kingo safi unaisoma, kwenye A9 inaanza kuwa na ukungu, hasa vile vimaelezo vya chini ya ukurasa na namba za kwenye majedwali. Mi PDF naisoma nimelaza tableti, ukurasa unajaa upana, kwenye mini unafika karibu asilimia 84 ya saizi halisi, unasogeza nusu nusu. Vitabu vya EPUB havina shida hii kabisa, unakuza herufi mistari inajipanga yenyewe.

Muvi, hapo A9 inajitetea. Ule urefu wake unafanya picha ya 16:9 iwe kubwa kuliko ya mini kwa kama asilimia 16, ingawa pikseli zake ni 1340 kwa 800 kwa hiyo full HD kamili haiwezi kukuonyesha. Ina tundu la hedifoni, ambalo mini waliliondoa 2021. Na inakubali memori kadi hadi TB 1, wakati mini ulichonunua ndo hicho hicho mpaka mwisho. Ya 2021 inaanzia GB 64, ukipenda kupakua muvi hiyo inajaa fasta, ya 2024 inaanzia 128.

Ningekuwa wewe ningechukua mini, hata kama ni ya 2021 iliyotumika kwa mtu, ilimradi uikague betri na uichomeke kwenye TV ukiwa hapo hapo kabla hujalipa. Ungekuwa mtu wa kuonyesha slaidi mara mbili kwa mwaka ningekwambia chukua A9 uwe unaazima laptop. Ila wewe ni kila wiki.

(Kidokezo cha pembeni: mwaka 2010 Steve Jobs alizicheka tableti za inchi 7 kwamba zinakuja sokoni zimeshakufa. 2012 Apple hao hao wakatoa mini. Watu wanataka kitu cha kushika kwa mkono mmoja, ndo hivyo.)

SWALI: Fundi mi tayari nina tableti ya Android ya inchi 8 na sina mpango wa kununua nyingine. Nitajuaje kama inatoa picha kwa waya kabla sijatupa hela kwenye adapta?

JIBU: Tafuta sifa zake kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, nenda palipoandikwa USB. Ukikuta 2.0 na hakuna neno DisplayPort, yaani njia ya kutoa picha kupitia USB-C, uwezekano mkubwa haitoi, maana picha inapita kwenye zile njia za kasi ambazo USB 2.0 yenyewe haizitumii. Ukikuta 3 na kitu usishangilie bado, zipo zenye kasi ila picha hazitoi, neno unalolitafuta ni hilo hilo DisplayPort. Kama hawajaandika chochote azima adapta ya mtu ujaribu kwenye TV, hiyo inamaliza ubishi wote. Na usijaribu kwa kuunga na waya uliokuja na chaja ukakata tamaa, nyaya nyingi za chaja ni za USB 2.0 zenyewe hazipitishi picha hata kama tableti inaweza.

Kama haitoi bado kuna mlango wa nyuma, adapta za DisplayLink, zina chipu yake ndani na unaweka apu yao kwenye tableti. Slaidi zinaenda vizuri. Video inaweza kukwamakwama, na muvi za kulipia hazikubali kabisa humo, lakini wewe si unataka slaidi?

SWALI: Kaka nimenunua tableti kioo chake kikali balaa, picha zangu zinaonekana safi, YouTube safi, nikifungua Netflix kama naangalia kwenye moshi. Intaneti yangu ni nzuri tu. Nimeuziwa feki?

JIBU: Sio lazima iwe feki mdogo wangu. Netflix kabla haijakupa picha ya HD inauliza tableti ina ulinzi wa kuzuia muvi zisinakiliwe wa kiwango gani, ule unaitwa Widevine. L1 unapewa HD, L3 unaishia picha ya chini, kama 480p, hata kioo kiwe cha ajabu vipi. Tableti nyingi za bei rahisi za majina yasiyojulikana zina L3. Fungua apu ya Netflix yenyewe, ingia kwenye mipangilio ya apu, utakuta sehemu ya sifa za uchezaji, imeandikwa pale wazi. Ikiwa ni L3 hamna cha kubonyeza kikaigeuza L1, rudisha kama bado muda wa kurudisha upo. Ila kama kuna mtu alikufungulia bootloader, ile programu ya kuwashia tableti, ili aweke mfumo mwingine, hiyo nayo inaweza kuishusha, muulize alifanya nini.

SWALI: Mi muvi wala slaidi sina shida nazo, nasoma riwaya tu, tena sana. Tableti ndogo au Kindle?

JIBU: Kindle, au kisomeo chochote cha wino wa kielektroniki. Kioo chake hakirushi mwanga machoni kama tableti, kinaonekana kama karatasi hata juani, Paperwhite ina pikseli 300 kwa inchi na chaji unahesabu kwa wiki sio saa. Ila usije ukanilaumu siku ukiletewa PDF ya A4, kwenye kile kioo utaisoma kwa hasira.

SWALI: Fundi nina flashi ya GB 64, iko tupu kabisa, muvi ya GB 5 inakataa kuingia inasema faili ni kubwa. Kubwa wapi wakati nafasi ipo?

JIBU: Flashi yako iko kwenye mpangilio wa FAT32, huo haupokei faili moja linalozidi GB 4 hata nafasi iwe tele. Iformati upya kwa exFAT kwenye kompyuta, iPad zinaisoma na tableti nyingi mpya za Android pia. Umesema iko tupu, lakini ifungue uangalie tena kabla hujabonyeza, kuformati kunafuta kila kitu.