Kabla hujauza huduma, angalia kwanza ovataimu ya fundi

Mimi nimekuwa supavaiza kwenye kiwanda kimoja cha vyumba vya baridi hapa Dar, vile vya kuhifadhia samaki na nyama, na miaka yote kazi yetu ilikuwa tunakata paneli, tunafunga mashine, mteja analipa, tunaondoka. Baadae wateja wengi wakawa hawana hela ya kulipa kwa mkupuo, bosi akaamua chumba kibaki mali yetu, mteja alipe kila mwezi ilimradi samaki wake wanakaa nyuzi 18 chini ya sifuri, joto likipanda hela tunakatwa sisi. Wazo lenyewe la siku nyingi, kule Uingereza Bristol Siddeley walilianza 1962 kwenye injini za ndege, mwenye ndege analipia kila saa aliyoruka na matengenezo yote ni juu yao.

Sasa mimi nikadhani tatizo letu litakuwa ujuzi tu. Nikawapeleka mafundi kozi ya kuongea na wateja, nikashonesha mashati mapya, lakini simu za usiku za wateja kuita fundi ziko vilevile, na gesi ya kupoozea mashine inaisha stoo kama maji.

Siku moja nikakaa na fundi wetu mkongwe, yule anayeijua kompresa kwa kuisikiliza tu. Nikamuuliza, mzee wangu, hiki chumba mbona kila mwezi tunakiongezea gesi, si kuna mahali panavuja? Akasema, "Panavuja mwanangu, na napajua. Ila nikipaziba, ada ya watoto naitoa wapi?"

Jamani nilikosa la kusema. Huyu si mtu mbaya, ni sisi tuliomzoesha hivyo, mshahara mdogo halafu ovataimu ya kuitwa usiku ndo inamlisha, na zamani kila akijaza gesi kampuni nayo inamtumia mteja bili kwa hiyo wote tulifurahi. Mkataba umebadilika, malipo ya fundi hayajabadilika, unategemea nini?

Ikabidi nipambane na uhasibu karibu miezi miwili (hapa ndo pagumu kuliko kozi zote) mpaka wakakubali ile ovataimu iingizwe kwenye posho ya kudumu, na juu yake bonasi kwa kila chumba kilichomaliza mwezi bila simu ya dharura. Mzee aliziba ule uvujaji wiki hiyohiyo, tena akaanza kusafisha kondensa za watu (ile sehemu ya mashine inayotoa joto nje) bila kutumwa maana vumbi likijaa pale mashine inachemka tu.

Kingine, usitenganishe watu wa karakana na watu wa huduma. Sisi tulifanya hivyo na wakawa kama timu mbili, wa huduma wanalalamika gasketi za milango (zile raba za kuzuia baridi isitoke) zinachanika, wa karakana wanasema nyie hamjui kufunga. Nikaanza kumpakia mtu mmoja wa karakana kwenye gari la huduma kila Alhamisi. Mmoja alivyoona mwenyewe wapakiaji wanavyousukuma mlango kwa kreti, barafu imejaa mpaka kwenye feni, alirudi akahamisha bawaba bila kikao chochote.

Kwa hiyo kama bosi wako ameshaanza kuongelea mikataba ya mwezi, kaa na mafundi kabla haijasainiwa, waulize kipato chao hasa kinatokana na nini, na uwaulize mmoja mmoja, maana kwenye kikao hakuna atakayekwambia.