Semina ya wahudumu wa zahanati kuhusu transjenda: punguza slaidi

Mkuu, umeuliza namna ya kuendesha semina ya asubuhi moja kwa wahudumu 20 wa zahanati hapo Dodoma, ili mgonjwa transjenda asigeuzwe kichekesho dirishani.

Maelezo ya maana yape dakika 15, basi. Huntha ni mtu aliyezaliwa na maumbile yasiyo ya kike wala ya kiume moja kwa moja. Transjenda ni habari ya mtu anavyojitambua, tofauti na jinsia aliyoandikiwa alipozaliwa. Ukichanganya hayo, asubuhi nzima itaishia kwenye "kwani huko chini ana nini?" Atakayesema ni ugonjwa wa akili, mwonyeshe ICD-11, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani (WHO), inayotumika tangu Januari 2022: imeshaliondoa suala hilo kwenye magonjwa ya akili.

Kazi yenyewe ni mazungumzo ya wawiliwawili. Watafiti Broockman na Kalla walichapisha mwaka 2016 utafiti wa nyumba kwa nyumba huko Florida, Marekani: maongezi ya kama dakika 10 yalipunguza chuki dhidi ya transjenda, na matokeo yakadumu angalau miezi 3. Watu hawakuhutubiwa. Waliulizwa ni lini wao wenyewe walihukumiwa kwa jinsi walivyo, kisha wakasikilizwa. Hapa majibu hayachelewi: nesi atakumbuka alivyosimangwa kwa kutozaa, kijana wa Kigogo alivyoitwa ombaomba Dar kwa kabila lake tu.

Usimsimamishe transjenda mbele ahojiwe. Kule Florida waongeaji wengine hawakuwa transjenda na bado walifanikiwa, sasa ya nini kumweka mtu hatarini mbele ya simu 20? Simu zenyewe ziingie kapuni mlangoni, zisije zikatoa picha kwenye magrupu.

Dini itazuka tu. Usishindane aya kwa aya, hushindi, na waliokuwa wameanza kulegea watakaza upya. Warudishe kazini: huyu ana homa, foleni ndefu, unamwitaje?

Baada ya chai, igizo. Kitambulisho cha NIDA kinasema Juma, ME. Aliyesimama dirishani kavaa dera. Kosa la kawaida ni kupaza sauti "Juma ndiyo wewe?" na kumwita mwenzako aje aone. Ita kwa namba au jina la ukoo, uliza kwa sauti ya chini "nikuite nani?", na maumbile yaulizwe pale tu ugonjwa unapohusika, tena chumbani kwa daktari. Raundi ya kwanza watacheka, waache. Rudieni mpaka kicheko kiishe.

Kipimo: maswali matatu yaleyale, bila majina, kabla ya kuanza, mkifunga, na baada ya miezi 3. Ya siku hiyohiyo usiyaamini sana, huwa mazuri kila mara. Posho inakuwa bado haijatoka.