Linki ya ripoti inayojifunga yenyewe

Ndugu, umeuliza jinsi ya kumtumia mkaguzi ripoti ya SACCOS yenu iliyo kwenye Nextcloud, ile programu ya kuhifadhi na kushiriki faili mtandaoni, bila kumfungulia akaunti, na linki ife baada ya wiki. Inawezekana, wala si kazi kubwa.

Kwanza hifadhi nakala ya ripoti kama PDF. Usimpe linki ya faili mnaloendelea kulihariri, kwa sababu atakuwa anaona kila mnachobadilisha. Na tafadhali usishiriki folda nzima! Chochote mtakachoweka humo kesho, naye atakiona. Taarifa za mikopo ya wanachama ni amana ya watu.

Kisha bonyeza alama ya kushiriki kwenye faili hilo, tengeneza linki ya umma, fungua mipangilio yake, uweke tarehe ya mwisho na nenosiri. Linki tuma kwa barua pepe, nenosiri mpe kwa simu. Barua pepe ikisambazwa kwa mtu mwingine, huyo hatafungua kitu.

Kuna pia chaguo la kuficha kitufe cha kupakua. Mimi silitegemei sana, maana anayeona ukurasa anaweza kuupiga picha. Vivyo hivyo, linki ikifa, nakala aliyokwisha kupakua inabaki kwake, kwa hiyo namba za vitambulisho zifute kabla ya kutengeneza PDF.

Mkaguzi akimaliza mapema, usisubiri tarehe, ifute linki siku hiyohiyo.