Nanasi kwa sainasi? Kula, usiweke puani

Pole sana ndugu, hiyo ya kuinama kufunga kamba za viatu tu paji la uso linagonga naijua vizuri. Umeuliza kama nanasi linatibu sainasi (ule uvimbe wa matundu ya ndani ya paji la uso na mashavu), mi naona linasaidia kidogo tu, lina bromelaini, kimeng'enya kinachopunguza uvimbe, na iko zaidi kwenye ule moyo mgumu tunaoutupa, basi utafune na wenyewe, usipike. Kilichonisaidia hasa ni kusafisha pua na maji ya chumvi, maji yachemshwe kwanza yapoe. Hiyo ya watu kukamulia limau au nanasi puani achana nayo kabisa, utajiunguza bure! Kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda muulize daktari kabla ya kujazia mananasi. Ikipita siku 10 bila kupona, au jicho likivimba, nenda hospitali.