Kabla Hamjabomoa Bweni

Wiki mbili zilizopita nilipigiwa simu na mwenyekiti wa kamati ya kituo kimoja cha watu wasio na makazi upande wa Singida. Wamepata mfadhili wa kulijenga bweni lao upya, ramani imeshachorwa, na alichotaka kwangu ni namba ya fundi wetu tu. Tuliongea karibu saa nzima na namba ya fundi hakuipata. Niliyomwambia ndiyo haya, ila hapa nayaandika bila kupandisha sauti.

Nilikuwa muuguzi kwa miaka 31. Mwaka niliostaafu nikaombwa niingie kwenye kamati ya bweni la watu wasio na makazi hapa Dodoma mjini, jirani na reli. Nilidhani ni kazi ya jioni mbili kwa mwezi. Bweni lenyewe lilikuwa ghala la zamani: chumba kimoja kirefu, vitanda 38 vya chuma, choo kimoja nje, na bati ambalo usiku wa mvua lilikuwa kama halipo. Ukuta kuanzia sakafuni hadi usawa wa magoti ulikuwa umemomonyoka. Aliyekaa Dodoma anaijua hiyo. Maji ya visima yana chumvi, udongo una chumvi, na ukuta uliojengwa bila nailoni juu ya msingi huinyonya mpaka plasta inamwagika kama unga. Mchwa nao walikuwa wamebakiza rangi tu kwenye fremu za milango.

Humo walilala wazee waliotoka vijijini miaka ya ukame wakakosa pa kurudi, na vijana wa kubeba mizigo soko la Majengo na Sabasaba. Walikuwamo pia bibi wawili waliofukuzwa kwao kwa maneno ya uchawi. Halafu kulikuwa na wale ambao Dodoma tunao kuliko miji mingine: waliotibiwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, wakapata nafuu, ndugu wasitokee. Hospitali ile ipo tangu 1927 na inapokea watu wa nchi nzima. Mtu aliyeletwa kutoka mkoa wa mbali akiwa amefungwa kamba, siku akipona nauli anaipata wapi, na huko nyumbani nani anamsubiri? Mjini hapa tunataniana kwa jina la Mirembe kila siku. Tukikutana na aliyetoka huko, utani unatuishia tunavuka barabara.

Tukapata fedha. Mpango ulikuwa mzuri na bado nausifu: ghala livunjwe, vijengwe vyumba 24 vya mtu mmoja au wawili, jiko, ukumbi wa mchana na chumba cha huduma ya afya. Mtu asije kulala tu na kutimuliwa saa 12 asubuhi. Awe na chumba chake, na tiba imfuate hapohapo.

Tulianza kubomoa Julai. Mvua zetu ni kati ya Desemba na Aprili, kwa hiyo kwenye karatasi ya mhandisi Julai ni mwezi safi kabisa. Kwa babu mwenye shuka moja, Julai ndio mwezi mbaya kuliko yote. Upepo wa Dodoma wa usiku huo hauna simile. Wakazi wote tuliwahamishia kwenye maturubai upande wa pili wa kiwanja, tukawaambia wavumilie miezi sita. Ndani ya wiki tatu, 11 walikuwa wameondoka. Hatukuwafukuza, na hawakugombana na mtu. Waliamka wakaenda, kama walivyozoea kwenda kila mahali palipowachosha.

Mmoja alikuwa mama wa makamo aliyekuwa akichomwa sindano ya ugonjwa wa akili kila mwezi na ilimkaa vizuri. Alikuwa akitusaidia kuchambua mchele na kutuimbia. Kwenye maturubai tarehe yake ikapita, na kadi yake ikapotelea kwenye maboksi. Tulimpata mwezi wa tisa stendi ya Nanenane, amejaza mawe kwenye mfuko wa sandarusi, hanitambui. Mimi, niliyemshika mkono zaidi ya mwaka mzima. Ilichukua hadi mwaka mpya kumrudisha alipokuwa. Wanne kati ya wale 11 hatujawaona tena.

Kwa hiyo jambo la kwanza nililomwambia mwenyekiti ni kwamba ujenzi wa nyumba wanamolala watu ufanywe nusu kwa nusu. Mjenge kwanza kwenye upande wa kiwanja ulio wazi, mhamishie watu kwenye vyumba vilivyokwisha, ndipo mguse jengo la zamani. Fundi atalalamika kwamba gharama inapanda na kazi inachelewa, na anasema kweli. Mwacheni alalamike. Jiji la Toronto, Kanada, liliamua kulibadili bweni lake kubwa la wanaume, Seaton House, liwe mahali penye makao ya wazee, huduma na nyumba. Mpango umekwenda miaka na miaka, na kazi nzito imekuwa kuwatafutia waliomo pa kwenda kabla ya kubomoa. Wenzetu wana fedha ambazo sisi hatutaziona, na bado hapo ndipo palipowakwamisha. Sisi tulidhani maturubai yatatosha.

La pili ni mishahara, na hapa ndipo nilipopandisha sauti kwenye simu. Fedha ya ukuta inapatikana, kwa sababu ukuta unapigwa picha, unabandikwa kibao na kukatwa utepe. Mshahara wa muuguzi wa mwezi wa 14 haukatwi utepe. Tulimaliza chumba cha huduma chenye vigae vyeupe na kabati la kioo, na kikakaa kimefungwa kwa kufuli miezi mitano kwa sababu hakuna aliyeweka kwenye bajeti mtu wa kukaa ndani yake. Mimi nilikuwamo kwenye kikao kilichopitisha bajeti hiyo. Nesi wa miaka 31 nilibishania rangi ya vigae.

Andikeni bajeti ya watu kwanza, ya miaka miwili kamili: mpishi, walinzi wawili wa zamu, msimamizi, na mtu wa afya. Kinachobaki ndicho kiwaambie mjenge vyumba vingapi. Kama kinabaki cha vyumba 10, jengeni 10. Na msijenge zahanati. Zahanati inataka usajili, wataalamu na dawa zake, na nyie mtaishia kuendesha zahanati badala ya makazi. Sisi mwishowe tuliandikiana na kituo cha afya cha jirani: muuguzi anakuja Jumanne na Ijumaa, daktari mara moja kwa mwezi, na tarehe za kliniki ya Mirembe za kila mkazi ziko ubaoni jikoni. Chumba kikabaki na sinki, kabati lenye kufuli, mashine ya presha na benchi. Kinatosha.

Ramani nayo iangaliwe na mtu aliyewahi kulea wagonjwa. Yetu ilikuja na vitanda vya ghorofa, na tulikuwa na watu watano wenye kifafa. Ilikuja na mafiga ya wazi katikati ya ukumbi wa kuota moto. Madirisha yalikuwa madogo, ya upande mmoja, "kwa usalama", wakati mwaka uliotangulia tulikuwa na wagonjwa watatu wa kifua kikuu kwenye ghala lisilopitisha hewa. Dawa za TB ni miezi sita. Hewa ya dirisha linalotazamana na dirisha ni bure. Tulifuta, tukachora upya. Mteremko wa kiti cha magurudumu ni mita 12 kwa kila mita moja ya kupanda, msikubali fundi awaambie "tutakisukuma". Milango iwe na upana wa sentimita 90. Mengine ya ufundi fundi wenu anayajua: mkanda wa zege juu ya madirisha, kwa sababu ardhi yetu huku hutetemeka, dawa ya mchwa kabla ya jamvi, nailoni juu ya msingi. Simameni mkione kikifanyika. Hati ya kiwanja pia iangalieni mapema, na mlio Dodoma hasa kama ni karatasi za enzi ya CDA, ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu. Mamlaka ile ilivunjwa 2017 na kazi zake zikaenda halmashauri, na karatasi ambayo haijafuatiliwa tangu wakati huo itawasimamisha msingi ukiwa umeshachimbwa.

Vitambulisho vilitula miezi mitatu ambayo hatukuwa nayo. Mkazi asiye na namba ya NIDA hasajili laini ya simu, na asiye na laini hapokei hela hata ndugu akimkumbuka. Mzee wa miaka 60 na zaidi asiyejiweza anastahili kutibiwa bure, lakini dirishani wanataka kitambulisho, hawataki mvi. Tulikuwa na babu mmoja aliyeishi miaka mingi Hombolo kwa sababu ya ukoma. Vidole vilivyobaki mashine haikuvisoma. Mara ya kwanza tukarudishwa, mara ya pili tukarudishwa. Mara ya tatu nilimpeleka mwenyewe na bajaji, na binti wa pale kaunta akamwamkia, "Shikamoo babu," akamtolea kiti, akaenda kumwita mkubwa wake, na tukaambiwa kuna utaratibu wake kwa watu wa namna hiyo. Ulikuwepo siku zote. Anzeni hili kabla hata ya kumwita mchora ramani.

Majirani. Mtaitisha mkutano wa mtaa na mtasikia mambo. Sisi tulisikia kwamba tunaleta vichaa na wezi, na kwamba viwanja vitashuka bei. Mzee mmoja wa Kigogo akasimama, akaeleza jinsi wazazi wake walivyomsimulia njaa ya Mtunya, ile ya wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, watu walivyotawanyika na nani aliwafungulia mlango. Ukumbi ukanyamaza, nikafuta machozi, nikajua tumeshinda. Hatukushinda. Wiki iliyofuata walipeleka barua ya malalamiko yenye sahihi 40. Kilichowatuliza ni bomba. Tulitoa koki moja nje ya ukuta, kwenye tanki letu la lita 10,000, na siku za mgao wa maji mtaa mzima ulichota kwetu kwa bei ya chini kuliko ya mikokoteni. Barua haikutajwa tena.

Nirudi kwenye vyumba. Kamati yetu ilitaka masharti 19 yabandikwe mlangoni, la kwanza likiwa kwamba anayekunywa hakai. Nilipinga, nikashindwa kwa kura, na mwezi wa kwanza tukamtoa kijana mmoja kwa sababu ya pombe ya mtama. Akarudi kulala mbele ya maduka, akaacha dawa zake, akalazwa. Tulipokaa tena nikawaeleza habari za Ufini. Huko serikali ilianza mpango wake mwaka 2008 kwa kugeuza mabweni kuwa nyumba ndogo ndogo. Helsinki, bweni moja la vitanda zaidi ya 200 likawa nyumba zisizofika 100, kila mtu na mkataba wake wa upangaji. Mtu hatakiwi kwanza aache pombe ndipo apewe chumba. Anapewa chumba, na watu wa kumsaidia kuacha wanakuja kugonga hodi. Katibu akanijibu kwamba Ufini si Dodoma. Ni kweli, nikamwambia, kule baridi ingekuwa imeshamuua.

Siku hizi masharti ni manne. Pombe ndani ya kituo hapana, fujo hapana, lakini aliyekunywa huko nje anaingia chumbani kwake akalale. Kila mkazi ana karatasi ya makubaliano yenye jina lake, na analipa sh 10,000 kwa mwezi. Hela hiyo haifiki hata nusu ya umeme, na wapo waliotusema kwamba tunawatoza maskini. Ila mtu anayelipa hugonga mlango wa ofisi kudai taa yake imeungua, na mimi hiyo ndiyo sauti ninayotaka kuisikia. Wasioweza kabisa hatuwadai. Wanaofanya kibarua kwenye mashamba ya zabibu hulipa kwa mkupuo. Zabibu za huku huvunwa mara mbili kwa mwaka, basi na kodi zao ni mara mbili.

Mkubaliane pia mapema, na msikiti na kanisa la jirani, nani atazika. Tuliliacha hilo kwa kuona haya, na mkazi wa kwanza alipofariki alikaa mochwari siku tisa tukitafutana. Sasa kwenye faili la kila mtu kuna mstari mmoja: dini, kijiji, na jina la mtu wa kupigiwa. Wengine hawana wa kupigiwa. Hapo tunaandika jina la mpishi.

Mwenyekiti wa Singida aliniuliza mwishoni kuhusu vitasa. Nunueni vitasa imara vyenye funguo tatu. Mmoja wa mkazi, mmoja ofisini, mmoja wa akiba. Sisi wa akiba tulimpa mlinzi, na ikawa kila siku ugomvi kwamba anaingia vyumbani. Tukauhamishia kwa mpishi, ambaye saa 11 alfajiri ameshafika na hana muda wa kupekua vitu vya mtu. Tangu hapo tumeutumia mara mbili. Mara moja bibi mmoja alikuwa ameanguka. Mara ya pili yule babu wa Hombolo alijifungia ndani mchana kutwa, haitiki, tukavunja heshima tukafungua. Alikuwa macho, amekaa kitandani. Akasema hakuna tatizo, wajukuu zangu, nilitaka tu kukaa.

Fundi wetu alishahamia Mtumba. Namba nitamtumia.