Maswali na Majibu: Kufufua Jiko la Kuchomea Nyama

Swali: Nina rangi ya mafuta iliyobaki nilipopaka geti. Inafaa kwa jiko langu la mkaa?

Haifai. Na mtakaoniandikia tena swali hili, jibu ni hilohilo. Tafuta kopo lililoandikwa kwamba rangi yake inahimili joto; nyingi huvumilia nyuzi 600 hivi za Selsiasi. Ni ya kupaka nje ya jiko tu.

Swali: Ndani ya kifuniko rangi inabanduka, vipande vyeusi vinaangukia nyama. Nipake ipi?

Usipake yoyote. Hayo kwa kawaida ni mafuta na masizi yaliyogandamana. Kwangua, osha kwa maji moto na sabuni, basi.

Swali: Nilipuliza rangi ya kuhimili joto, ikapendeza, lakini nilipokoka moto mara mbili tu ikababuka. Nimeuziwa feki?

Huenda rangi haina kosa. Hujaniambia ulilisafishaje, na hapo ndipo penye tatizo: kupuliza mnapenda, kusugua hamtaki. Mafuta huondolewa kabla ya msasa. Ukitanguliza msasa, unayashindilia kwenye mikwaruzo. Osha kwa sabuni ya kukata mafuta, suuza, kisha nyunyiza maji kidogo: yakijikusanya matone matone, mafuta bado yapo, yakitandaa, endelea. Kutu nene ipige brashi ya waya, ufuatishe msasa namba 80, halafu 120. Kama hujui rangi ya zamani ni ya lini, tumia msasa wa maji na uvae barakoa, maana baadhi ya rangi za kale zina madini ya risasi. Futa kwa thina, puliza nyembamba, ikauke, rudia.

Kisha rangi hii haikomai kwa kukauka tu, inataka moto. Anza na mkaa kiduchu, jiko lipoe, ndipo uongeze. Ukilijaza siku ya kwanza, rangi inafura malengelenge. Itafuka na kunuka, kwa hiyo nyama isubiri. Kama jiko lako limepakwa enameli ing'aayo kama ya sufuria, msasa usiliguse.

Swali: Siki inaondoa kutu kwenye wavu?

Inaondoa. Loweka usiku kucha, sugua, suuza, kausha papo hapo, paka mafuta ya kupikia. Wavu wenye kromu inayobanduka, nunua mwingine. Na brashi ya waya iliyochakaa itupe: nyaya zake hung'oka, zikashika kwenye chakula, mtu akazimeza.

Swali: Nimepata wavu wa friji bovu, unanitosha kabisa.

Usithubutu! Baadhi hupakwa zinki au kadimi, na moshi wake ni sumu.

Swali: Chini pametoboka. Fundi anachomelee bati?

Anaweza, ila liwe bati jeusi lisilo na zinki. Kwanza sukuma bisibisi kuzunguka tundu. Ikipenya kirahisi, usipoteze hela. Tundu hilo mara nyingi ni kazi ya majivu mnayoyaacha humo: yanafyonza unyevu, chuma kinaliwa kimyakimya. Yazoe yakishapoa kabisa, uyatie kwenye ndoo ya chuma, si ya plastiki.